Uzio Kwanza, Mlinzi Baadaye



Hapa Langley Park, chini ya saa moja kwa gari kutoka bandari ya Baltimore, ukitaja ulinzi wa bandari watu hufikiria kadi ya TWIC tu: huna kadi, huingii bila kusindikizwa. Kadi hiyo imezaliwa na sheria ya Marekani ya Novemba 2002, nayo sheria imezaliwa na hofu ya Septemba 11. Mwezi uliofuata, jijini London, nchi wanachama wa IMO zikapitisha kanuni za ISPS. Zilianza kazi 1 Julai 2004, na Mombasa na Dar es Salaam zikatakiwa kuzifuata sawasawa na Baltimore.

Miezi 18! Kwa mikataba ya bahari hiyo ni kasi ya ajabu. Lakini tazameni kilichokimbiliwa: uzio, kamera, mageti, na mipango ya kufungiwa kabatini. Kanuni zilidai watu wafundishwe, ila mafundisho yenyewe yakawekwa katika Sehemu B, ambayo ni ushauri tu. Afisa ulinzi wa meli alipata kiwango cha lazima ndani ya mkataba wa STCW mwaka 2008. Baharia wa kawaida, yule anayekesha zamu ya usiku, alisubiri marekebisho ya Manila ya Juni 2010, yaliyoanza kutumika Januari 2012.

Na katikati hapo je? Juni 2005, siku chache kabla ISPS haijatimiza mwaka, maharamia wa Kisomali waliiteka MV Semlow, iliyotoka Mombasa na mchele wa WFP kwa waathirika wa tsunami. Mabaharia wake wengi walikuwa Wakenya, wakashikiliwa kiasi cha miezi mitatu. Sisemi cheti kingezuia bunduki, la hasha! Ila kuitambua mapema boti inayokunyemelea, na kujua ufanye nini ukishatekwa, ni mambo ya kufundishwa, si ya kubahatisha.

Siku hizi kijana wa Likoni bila cheti hicho hapandi meli ya nje, na mara nyingi ada anajilipia mwenyewe, au anauza mbuzi wa babake. Sawa, angalau kiwango kipo. Mlinzi wa getini hana hata hicho, maana STCW ni ya mabaharia. Yeye ameachiwa miongozo ya IMO na huruma ya nchi yake. Hata walinzi binafsi wenye silaha, waliojaa melini maharamia walipozidi, IMO iliwatolea miongozo tu.