Tambi za mayai za Ziwa Como: nani hasa alikuwa anazila?

Ukipanga likizo kwenye maziwa ya kaskazini mwa Italia, iwe Como, Garda au Maggiore, kuna kitu hutakikosa kwenye orodha ya mambo ya kufanya: darasa la kupika pasta kwa mikono yako mwenyewe. Mpangilio ni ule ule karibu kila mahali. Unavalishwa aproni na kusimama mbele ya kibao kikubwa cha mbao, kisha unapewa gramu 100 za unga wa ngano na yai moja. Saa mbili baadaye unakula ulichokata, ziwa likiwa mbele yako. Na katikati ya kukanda, mwalimu atakwambia kwamba haya ni mapishi ya bibi yake, chakula cha wakulima wa hapa tangu enzi na enzi.

Sehemu ya kwanza ya maneno hayo inawezekana kabisa ni kweli. Ila hiyo ya wakulima tangu enzi na enzi ina shida. Hebu tuanze kwenye kibao, halafu turudi nyuma kidogo kidogo.

Kinachotokea mikononi mwako

Ukimimina unga kama kichuguu, ukachimba shimo katikati na kuvunja yai humo, unaanza kazi ambayo mpika chapati yeyote anaijua. Unga wa ngano una protini za aina mbili muhimu: gliadini na glutenini. Zikiwa kavu zimekaa tu. Zikipata maji (na yai lina maji mengi) na zikikandwa, zinashikana na kutengeneza wavu unaovutika, nao ndio tunauita glutini. Glutenini inaupa wavu huo nguvu ya kurudi, gliadini inauwezesha kunyooka. Ndiyo maana baada ya dakika kumi za kukanda, mwalimu anakwambia ulifunike donge na kuliacha nusu saa. Ukijaribu kulisukuma mapema, linarudi kama mpira. Likipumzika, wavu unalegea na mti wa kusukumia unafanya kazi.

Mtu wa kwanza kuitoa glutini kwenye unga na kuieleza kisayansi alikuwa Jacopo Bartolomeo Beccari wa Bologna. Mwaka 1728 alieleza mbele ya wanazuoni wa mji wake alivyoosha donge la unga kwa maji mpaka wanga ukatoka wote, akabaki na kitu kinachonata chenye tabia zaidi ya nyama kuliko ya mmea. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1745. Jaribio hilo unaweza kulifanya nyumbani leo: kanda donge dogo chini ya bomba mpaka maji yasiwe meupe tena. Kitakachobaki mkononi ndicho alichokiona Beccari.

Sasa, kwa nini yai? Hapa jiografia inaingia. Bonde la mto Po na vilima vya kuelekea maziwani vina unyevu, na vinaotesha vizuri ngano laini, ile ya mikate na chapati, yenye kromosomu 42. Ngano ngumu, yenye kromosomu 28, inapenda ukavu na jua la kusini: Puglia, Sisilia na kwingineko. Unga wa ngano ngumu ukichanganywa na maji matupu unatoa tambi zinazokauka vizuri na zisizovurugika kwenye sufuria. Ngano laini peke yake ina kazi kubwa zaidi kufikia hapo. Protini za yai zinaganda kwenye maji ya moto na kuushikilia wanga usimwagike, kwa hiyo yai linasaidia pale ambapo glutini ya ngano laini haitoshi. Tofauti hii iliingia hadi kwenye sheria: sheria ya Italia ya mwaka 1967 ilitaka pasta kavu inayouzwa nchini humo itengenezwe kwa ngano ngumu.

Si Marco Polo

Kuna hadithi utaisikia tu, kama si kwa mwalimu basi kwa mtalii mwenzako: eti Marco Polo ndiye aliyeleta tambi kutoka China. Hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Mwezi Februari mwaka 1279, mthibitishaji wa hati wa Genoa aitwaye Ugolino Scarpa aliandika orodha ya mali ya mtu aitwaye Ponzio Bastone, na ndani yake mna chombo kilichojaa makaroni. Kama makaroni zilikuwa zinahesabiwa kama mali, basi zilikuwa kavu, zenye thamani na zinazowekeka. Miaka 16 kabla ya Marco Polo kurudi!

Na tukirudi nyuma zaidi tunafika Sisilia. Mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi alimaliza kitabu chake cha jiografia kwa ajili ya Mfalme Roger II, mtawala wa Kinormani aliyekuwa Palermo. Akiueleza mji wa Trabia, karibu na Palermo, anasema kulikuwa na vinu vya maji, na kwamba watu walitengeneza *itriyya* kwa wingi na kuisafirisha kwa meli hadi Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. *Itriyya* ni tambi. Jina hilo bado linaishi: kusini mwa Puglia kuna mlo wa tambi na dengu unaoitwa *ciceri e tria*. Al-Idrisi huyu huyu, katika kitabu hicho hicho, anaitaja Malindi na chuma chake, na Mombasa pia. Yaani tambi za Sisilia na chuma cha pwani yetu vimo ndani ya jalada moja, vyote vikiwa bidhaa za bahari.

Hadithi ya Marco Polo ilitoka wapi basi? Ilisambazwa na jarida la wafanyabiashara wa makaroni wa Marekani, *The Macaroni Journal*, mwaka 1929, na filamu ya Hollywood ya mwaka 1938 ikaizidishia umaarufu.

Mpishi aliyeitwa wa Como

Ziwa Como lenyewe lina mtu wake kwenye historia hii. Katikati ya karne ya 15, mpishi aitwaye Maestro Martino, maarufu kama Martino wa Como, aliandika kitabu cha mapishi kinachohesabiwa kati ya vitabu muhimu kabisa vya upishi Ulaya. Alizaliwa bonde la Blenio, ambalo leo liko Uswisi, kaskazini mwa ziwa hilo.

Namna anavyoeleza makaroni za Kisisilia ingemshangaza mwanafunzi wa darasa la leo. Unga unachanganywa na ute mweupe wa yai na maji ya waridi. Donge linazungushiwa kwenye waya wa chuma ili kupata tundu katikati, kisha linaanikwa juani. Zikikauka, anasema, zinakaa miaka miwili hata mitatu. Kuzichemsha? Saa mbili! Halafu juu yake unaweka jibini, siagi na viungo vitamu. Hakuna nyanya, kwa sababu nyanya ilikuwa bado iko Amerika.

Lakini angalia alikuwa anampikia nani. Huko Roma, Martino alikuwa mpishi wa Ludovico Trevisan, mkuu wa kanisa aliyejulikana kwa utajiri na karamu zake. Maji ya waridi na viungo kutoka Bahari ya Hindi havikuwa kwenye jiko la mvuvi wa Como. Kitabu cha Martino kinatuonyesha meza ya bwana. Ya mkulima tunahitaji kuitafuta kwingine.

Kwenye jiko la mkulima

Riwaya maarufu kuliko zote za Italia, *I promessi sposi* ya Alessandro Manzoni, inaanzia ukingoni mwa Ziwa Como mwaka 1628. Mna tukio moja dogo humo: familia imekaa jioni kuzunguka chungu, watoto wanasubiri, na baba anasonga polenta ya rangi ya kijivu. Ni ndogo, kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya. Hakuna pasta. Manzoni alikuwa anaandika karne ya 19 kuhusu karne ya 17, ila aliwajua watu wa eneo hilo na alisoma sana nyaraka.

Polenta ni ugali. Ile ya Manzoni ilipikwa kwa *grano saraceno*, mbegu nyeusi zenye pembe tatu ambazo, licha ya jina, si ngano wala hazina glutini. Juu ya ziwa, katika bonde la Valtellina ambako mto Adda unatokea, bado wanatengeneza tambi za unga huo, *pizzoccheri*. Wanalazimika kuongeza unga kidogo wa ngano ili zishikane, kisha wanazichanganya na kabichi, viazi, jibini na siagi. Ukitaka tambi ya watu wa milima ya huko, ni hiyo.

Baadaye mahindi yaliyotoka Amerika yakaingia. Yalianza kulimwa Veneto karne ya 16, na kufikia karne ya 18 yalikuwa yametawala mashamba na masufuria ya kaskazini. Sababu inaeleweka: ekari moja ya mahindi ilitoa chakula kingi kuliko ekari ya ngano. Lakini tazama mkataba wa shamba. Kwenye vilima vya Lombardia, wakulima wengi walilipa kodi ya shamba kwa ngano. Ngano waliyoilima ilikwenda kwa mwenye shamba na kutoka hapo sokoni. Kuku na mayai pia vilikuwa sehemu ya malipo yaliyodaiwa na mwenye shamba. Mkulima alibaki na mahindi.

Sasa rudi kwenye kibao cha darasa: unga wa ngano na yai. Vile vitu viwili tu unavyopewa ni vile vile ambavyo mkulima alikuwa anavitoa nyumbani kwake kumpelekea bwana. Tambi za mayai zilikuwepo, ndiyo, lakini kwa wengi wao zilikuwa chakula cha sikukuu.

Ngozi inayochubuka

Kula polenta peke yake kulileta msiba. Kila majira ya kuchipua, jua lilipoanza kuwaka, wakulima walipata vidonda vya ngozi mikononi na shingoni, kisha kuharisha, kisha kuchanganyikiwa akili. Wengi walikufa. Mwaka 1771 daktari wa Milan, Francesco Frapolli, aliuandika ugonjwa huo kwa jina la wenyeji wenyewe, pelagra, maana yake ngozi iliyokwaruza. Karibu na mwaka 1880, hesabu za serikali zilionyesha wagonjwa wapatao 100,000 nchini Italia, hasa Lombardia na Veneto.

Madaktari walibishana miaka na miaka. Cesare Lombroso alishikilia kwamba ni sumu ya mahindi yaliyooza. Wengine walisema ni umaskini wenyewe. Mwaka 1937 Mmarekani Conrad Elvehjem alionyesha kwamba asidi ya nikotini, yaani niasini au vitamini B3, inaponya ugonjwa wa mbwa unaofanana na pelagra, na muda mfupi baadaye ikaponya watu. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kiasi kwamba tumbo haliipati, na protini yake ina uhaba wa triptofani ambayo mwili ungeitumia kujitengenezea niasini. Watu wa Meksiko walikuwa wameshatatua jambo hili zamani sana kwa kuchemsha mahindi na chokaa, hatua inayoifungua niasini. Ulaya ilichukua mbegu, ikaacha ujuzi.

Pelagra ilipungua Italia mwanzoni mwa karne ya 20, kabla hata ya niasini kujulikana, watu walipoanza kupata mikate, nyama na maziwa zaidi.

Kwa sisi wala ugali, jambo hili haliko mbali. Ugali wenyewe hauna kosa. Maharage, karanga, samaki, maziwa na nyama ndivyo vinavyoziba pengo. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao wa chakula uliotegemea mahindi. Ni kisa kile kile cha Lombardia, miaka 200 baadaye.

Basi tuache darasa?

Hapana, nenda, na ukande kwa raha. Mapishi ya bibi yanaweza kuwa ya bibi kweli, kwa sababu bibi wa mwalimu wa leo aliishi karne ya 20, wakati ngano na mayai vilipofika kwenye meza za watu wengi. Hilo lenyewe ni jambo la kusherehekea: chakula cha bwana kimekuwa cha kila mtu.

Ila ukipata nafasi, muulize mwalimu bibi wa bibi yake alikuwa anakula nini siku za kawaida. Wengi wao wanajua. Watakwambia polenta, samaki wadogo wa ziwani waliokaushwa kwa chumvi wanaoitwa *missoltini*, na siku nyingine polenta tu. Kama pale jirani kuna sehemu wanapika *pizzoccheri* au polenta na *missoltini*, kula hapo kesho yake. Utashangaa jinsi utakavyojisikia uko nyumbani.