Tura: Mahali pa Kutua, kwa Watu na kwa Ndege

Richard Burton, mpelelezi Mwingereza aliyepita hapa Tura, mkoani Tabora, mwaka 1857, alieleza kuwa jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Misafara iliyotoka pwani ilifika hapa baada ya kuvuka nyika kavu ya Mgunda Mkali. Ndege nao wana njia inayotegemea vituo vya maji. Kitwitwi mdogo huzaliwa Siberia, kisha huja Afrika kukwepa baridi: wengine hubaki kwenye matope ya pwani, wengine hushuka kwenye majaruba na mabwawa ya bara. Kwa hiyo kumwita ndege wa pwani ni kutaja nusu tu ya makazi yake.

Wapo watakaosema mbuga ya Wembere, kaskazini mwa Tura, haifai kuhesabiwa miongoni mwa vituo hivyo vya maji, maana hukauka kiangazi. Hoja hiyo ina uzito kwa samaki, si kwa ndege mwenye mabawa. Maji yanapopungua, samaki hubanana kwenye madimbwi na matope yenye wadudu huachwa wazi. Karamu hasa ndiyo hiyo. Tena ndege hawagombani sana, kwani miguu na midomo imeshagawa eneo: kitwitwi hudonoa ukingoni, korongo huvua penye kina cha magoti yake, mwari huchota akielea. Magharibi zaidi, ardhioevu ya Malagarasi-Muyovosi iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Maji yake hudumu hata wakati Wembere imekauka na kupasuka nyufa.