Kuandika Habari za Ukoo Katika Nchi ya Dhahabu

Habari za wafalme hazikukosa waandishi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika Habari za Wakilindi, watawala wa Usambara, na misheni ya Magila ikazichapa kwa Kiswahili. Huku kwetu Usukuma majina ya watemi yalishikwa sana na wazee, maana pasipo nasaba hapana ajuaye nani astahili kiti. Na serikali ya Tanganyika ilipouondoa utemi mwaka 1963, orodha nyingi za majina hayo zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Lakini mkulima, mchunga ng'ombe, na mama atwangaye mtama, ni nani aliyewaandika?

Wako watu waliolifanya swali hilo kuwa kazi yao. Mwaka 1894, katika mji wa Salt Lake City, Marekani, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilianzisha chama cha nasaba. Mwaka 1938 chama hicho kikaanza kupiga picha za vitabu vya kumbukumbu, na filamu zake huwekwa katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe, ambalo lilikamilika mwaka 1965. Siku hizi kazi hiyo yaitwa FamilySearch, na mtu wa dini yo yote aweza kutafuta humo majina ya wazee wake kwa intaneti bila malipo.

Miongoni mwa watumishi wake wamo wazee, mume na mke, waliokwisha kulea watoto wao. Huiacha nyumba yao kwa miezi mingi, na gharama hujilipia wenyewe. Juma lao halina makuu: leo kupiga picha kitabu chakavu, kesho kusoma mwandiko uliofifia, keshokutwa kumwonyesha kijana jinsi ya kupanga majina ya babu zake. Wao huamini ya kuwa aliye hai aweza kubatizwa kwa niaba ya jamaa yake aliyekufa. Makanisa mengine mengi hayafundishi hivyo. Walakini kuheshimu jina la mtu asiye na cheo ni jambo jema kwa kila dini. Na katika nchi za Afrika zisizo na vitabu vingi, waandishi wa kazi hiyo huwaendea wazee, huketi nao, na kuandika nasaba kama itokavyo vinywani mwao.

Nasi tu katika hali hiyo hiyo. Mapadre Weupe walifika Bukumbi mwaka 1883, na tangu hapo vitabu vya ubatizo vimetunza majina ya watoto na wazazi wao. Yaliyotangulia hayo yamo vichwani mwa wazee, na sehemu nyingine imo ndani ya majina yenyewe. Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ndiye awafuataye. Mbula alizaliwa wakati wa mvua. Na neno ng'wana, likitangulia jina la baba, lamtambulisha mtu nyumba yake.

Sasa tuitazame Mwakitolyo, katika wilaya ya Shinyanga. Dhahabu imewavuta huko watu wa makabila mengi. Wachimbaji wadogo huhama kila wasikiapo habari ya mwamba mpya, leo Mwakitolyo, kesho Geita. Huko machimboni mtu aweza kukaa miaka akiitwa kwa jina la utani tu. Siku shimo linapobomoka, wenzake hawajui wapeleke habari kijiji gani, wala mazishi yafanywe na nani. Mtoto aliyezaliwa hapo hukua bila kumjua babu yake. Na akifika umri wa kuoa, hapana wa kumwambia kwamba binti yule ni wa damu yake. Zamani mzee mmoja kijijini alitosha kuyazuia hayo yote.

Basi, twawashauri wasomaji wajaribu juma moja tu. Chukua daftari. Siku ya kwanza andika jina lako kamili, la baba, la mama, na vijiji vyao. Siku ya pili waulize wazazi juu ya wazazi wao. Siku zifuatazo mwendee mzee kuliko wote katika ukoo, nawe usisahau upande wa mama, kwa kuwa ndio upoteao upesi. Usimwulize mzee mwaka, mwulize tukio. Je, baba yake alizaliwa kabla ya vita vya Wadachi na Waingereza, vilivyoanza mwaka 1914? Yeye mwenyewe alikuwa mkubwa kiasi gani Williamson alipoipata almasi Mwadui mwaka 1940? Watu walipohamishiwa vijijini mwaka 1974, alikuwa na watoto wangapi? Hivyo miaka itapatikana yenyewe. Kila Kulwa mwandikie na jina la baba yake, maana akina Kulwa ni wengi mno. Palipo na shaka, andika kwamba pana shaka. Mwisho wa juma wasomee jamaa wote, wasahihishe. Kisha nakili mara mbili, nakala moja ibaki nyumbani kwa wazee, nyingine aende nayo yule aendaye machimboni.

Hapana haja ya kumngoja mgeni kutoka ng'ambo aje atufanyie kazi hii. Daftari ni bei ndogo, na wazee wangaliko. Lakini kila msimu twawazika baadhi yao.