MIGINGO: KIJIWE CHA ZIWANI KILICHOTAKA KUGOMBANISHA NCHI MBILI

Mtu wa Sirari haitaji kufundishwa mpaka ni kitu gani. Anakunywa chai upande huu, anavuka kwenda Isebania kumsalimia shangazi, jioni yuko kwake. Wakurya wako kote kote. Mstari ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, kutoka pwani, ukapita Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria, pale inapogusa nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mwaka 1890 wakaurefusha juu ya maji kuelekea magharibi.

Cha kuchekesha ni kwamba katika makubaliano hayo ya 1890 Mjerumani aliondoka pia na kisiwa cha Heligoland huko Bahari ya Kaskazini, chenye nguzo ya jiwe ya mita 47 iliyosimama peke yake majini. Watu walikuwa wakigawana miamba na maziwa mezani, wengi wao bila kuyaona.

Sasa toka pale mipaka ya nchi tatu inapokutana ziwani, panda kaskazini kilomita kama 13 hivi. Utaona bati tupu linalong'aa juu ya maji. Hicho ndicho Migingo. Ni mwamba wa takriban mita za mraba 2,000, hata theluthi ya uwanja wa mpira hakifiki. Jirani yake, kama mita 200 tu, kuna Usingo, kikubwa zaidi lakini hakina watu. Wavuvi husema kina mashetani. Kusini kuna Pyramid, kikubwa kuliko vyote.

Wavuvi wawili kutoka Kenya wanasema wao ndio walioanza kuishi Migingo mwaka 1991, wakakuta magugu, ndege na nyoka. Mvuvi mmoja wa Uganda naye anasema alifika 2004 akakuta nyumba moja tu iliyotelekezwa. Kila mtu na simulizi yake.

Kilichowavuta wote ni sangara. Samaki huyu aliletwa ziwani miaka ya 1950, na mkubwa hufika hata kilo 200. Minofu yake ikapata soko Ulaya, mabondo yakatafutwa na Wachina. Kadiri sangara walivyopungua karibu na nchi kavu, wavuvi walizidi kwenda mbali, na Migingo iko jirani kabisa na maji yenye samaki. Badala ya kuchoma mafuta ya injini kila siku, mvuvi akaona bora alale palepale juu ya jiwe. Zikaja baa, saluni, duka la dawa. Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 131, wamebanana bati kwa bati, Wakenya, Waganda na Watanzania.

Penye pesa hapakosi wenyewe. Maharamia walikuwa wakipora injini na samaki. Mwaka 2004 polisi wa Uganda wakaja, wakapiga hema na kupandisha bendera. Baadaye mvuvi wa Kenya akajikuta analipia kibali ili alale kwenye jiwe analosema ni la kwao, na asiye na kibali alikamatwa.

Mwaka 2009 mambo yakachemka. Huko Kibera, Nairobi, vijana wakang'oa reli iendayo Uganda. Wapimaji wakatumwa ziwani. Ramani lakini ilikuwepo siku zote. Amri ya Waingereza ya mwaka 1926 inasema mpaka unapita ncha ya magharibi ya Pyramid, kisha moja kwa moja hadi kisiwa cha Ilemba. Ukiufuata, Migingo iko ndani ya Kenya, kwa kama mita 500 tu. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo inautaja mpaka huohuo.

Rais wa Uganda mwenyewe alikubali mwaka huo kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila maji ni ya Uganda. Wengi walicheka, lakini hapo ndipo penye kiini cha ugomvi. Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa lote. Mvuvi akisukuma mtumbwi mita mia kadhaa kuelekea magharibi, ameshavuka. Jiwe ni kitanda, shamba ni maji. Ukimpa mtu kitanda ukamnyima shamba, atalala njaa.

Baadaye polisi wa nchi zote mbili wakawa wanakaa juu ya kijiwe hichohicho. Sangara naye anaogelea huku na huku bila pasipoti, na mvuvi anayemfuata usiku haoni mstari wowote majini. Akikosea anapoteza nyavu, injini, pengine na uhuru wake.

Sirari mstari una geti, una ofisa wa kumwuliza. Migingo mstari unaujua siku umeshakamatwa.

Haya wadau, mnaonaje: kisiwa kiwe cha nani, na samaki je?