Kadi za Wagoa wa Unguja

Mwaka 1868 ndio unaotajwa kuwa mwaka ambao A. C. Gomes, Mgoa, alifungua studio yake ya picha mjini Unguja. Wakati huo hakuna posta yoyote duniani iliyokuwa imetoa postikadi. Ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869: karatasi ngumu isiyo na picha, upande mmoja anwani, upande wa pili maneno machache. Ilipita miaka mingi kabla karatasi ile haijakutana na kazi ya Gomes na wenzake. Zilipokutana, mwishoni mwa karne ya 19, majumba na makanisa ya Unguja yakaanza kusafiri duniani kwa stempu moja.

Sababu kubwa ni meli. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka huohuo wa 1869, na kuanzia miaka ya 1890 meli za Deutsche Ost-Afrika Linie ya Wajerumani, pamoja na za British India, zilikuwa zikitia nanga Unguja kwa ratiba. Abiria alikuwa na saa chache tu za kushuka. Aliteremka kwa mashua, akajipenyeza kwenye vichochoro, akanunua kadi, akaandika harakaharaka na kuitia posta kabla meli haijang'oa nanga. Mabaharia, makarani, wamisionari na maofisa wa serikali nao walinunua. Kwa mwenye studio, picha ya familia ilikuwa na mteja mmoja. Picha ya jumba la Beit al-Ajaib ilikuwa na wateja katika kila meli.

Gomes hakuwa peke yake. Walikuwapo ndugu wa Coutinho, alikuwapo Pereira de Lord, na wengine wa asili hiyohiyo ya Goa, wakati huo koloni la Wareno huko India, waliovuka bahari wakati mmoja na wapishi, mafundi cherehani, makarani na wanamuziki wa jamii yao. Studio ya Gomes ilifungua tawi Dar es Salaam, na baada yake mwanawe akaiendeleza kazi hadi miaka ya 1930. Mwaka 1930 Ranchhod Oza, mtu wa asili ya India, akafungua Capital Art Studio, na zamu ya kuupiga picha mji ikapata mshika kamera mwingine.

Picha ilipigwa Unguja, lakini kadi kwa kawaida haikuchapwa Unguja. Mpiga picha alisimamisha kamera ya mbao juu ya miguu mitatu na kutia bamba la kioo. Picha ikishasafishwa, nakala yake ilipelekwa kwa meli hadi kwa wachapaji wa Ulaya, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wengi wao walikuwa Ujerumani. Kadi zilirudi marundo kwa marundo, jina la studio likiwa limechapwa pembeni kwa herufi ndogo. Zile za rangi hazikupigwa kwa rangi. Rangi zilitiwa baadaye, kiwandani, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja, ndiyo maana ukuta uleule wa chokaa unaweza kuwa wa waridi katika kadi moja na wa manjano katika nyingine. Anayetaka kujua mji ulikuwaje hasa azipe heshima zaidi kadi nyeusi na nyeupe, hata kama bei ya zile za rangi iko juu.

Kioo cha kukuzia ndicho kifaa cha kwanza cha mkusanyaji. Kadi iliyochapwa kwa kolotaipu, njia iliyopendwa sana miaka ile, ukiitazama kwa karibu haina nukta: ina chembechembe laini zilizojikunja, na kivuli kinafifia taratibu mpaka mwanga. Uchapaji wa bei nafuu huonyesha nukta zilizojipanga safu kwa safu. Na ile iliyo picha halisi, iliyosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya postikadi, haina nukta wala chembe zilizojikunja. Ikizeeka, sehemu zake nyeusi hupata mng'ao wa fedha, hasa pembezoni. Mambo haya matatu yakishajulikana, ni vigumu kumuuzia mtu nakala iliyochapwa juzi kwa bei ya kadi ya mwaka 1905.

Kisha kadi igeuzwe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanauona mgongo wa kadi kuwa uchafu wa wino. Kadi za mwanzo hazina mstari wa katikati: upande wote wa nyuma ni wa anwani peke yake, na mwandishi alilazimika kubana salamu zake mbele, kandokando ya picha, wakati mwingine hata juu ya anga la picha yenyewe. Uingereza iliruhusu mgongo wa sehemu mbili mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Stempu nayo inasema. Unguja ilianza kutoa stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini mwaka 1896. Mwaka 1904 zikaja zenye herufi za jina la Sultani Ali bin Hamoud zilizosukwa pamoja. Mwaka 1908 fedha ikabadilika, sarafu za ana zikaondoka na senti zikaingia. Upande wa bara, uliotawaliwa na Wajerumani, stempu zenye meli ya Kaizari zilihesabiwa kwa sarafu iitwayo pesa hadi mwaka 1905, zilipoanza kuhesabiwa kwa nyingine iitwayo heller. Hata hivyo muhuri wa posta unatoa tarehe ya safari ya kadi tu. Bamba moja la kioo liliweza kuchapwa na kuchapwa tena miaka kumi na zaidi, kwa hiyo kadi iliyotumwa 1912 yaweza kuwa na picha ya 1899. Tarehe ya picha itafutwe ndani ya picha.

Na bandari ya Unguja ina alama nzuri kwa kazi hiyo. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga makombora jumba la Sultani katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa palepale mbele ya mji. Haikwenda chini yote: milingoti yake mitatu ilibaki imechomoza juu ya maji, na ikakaa hivyo hadi mwaka 1912 mabaki yalipoondolewa. Ukishika kadi ya bandari, tafuta milingoti isiyo na meli. Ikiwapo, picha imepigwa kati ya 1896 na 1912.

Beit al-Ajaib inasomwa vivyo hivyo. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, na mbele yake kulikuwa na mnara wa taa uliosimama peke yake, ukiwa na saa. Makombora ya 1896 yaliuharibu mnara ule na kuliangusha jumba la jirani, Beit al-Hukm, lakini Beit al-Ajaib yenyewe ilisimama. Katika matengenezo yaliyofuata, mnara wa saa ukajengwa juu ya uso wa jumba. Basi picha yenye mnara wa pekee ni ya kabla ya vita, na yenye mnara juu ya baraza ni ya baadaye. Kadi nyingi zinazozunguka sokoni ni za aina ya pili. Ya aina ya kwanza ni adimu, na mwenye nayo aitunze. Ukiona reli na gari moshi dogo, hiyo ni reli ya Bububu, iliyofanya kazi tangu 1905 hadi miaka ya 1920. Ukiona bustani ya Forodhani imepangwa, umeshaingia miaka ya 1930 na kuendelea.

Makanisa mawili ya mjini yalipendwa na wapiga picha kwa sababu tofauti. La Mtakatifu Yosefu, Shangani, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa miaka ya 1890, na minara yake ndiyo iliyowapa wapiga picha waliokuwa baharini kitu cha kuweka juu ya safu ya mapaa. Lile la Waanglikana, Mkunazini, lilibeba habari nzito zaidi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi likawekwa kwenye kiwanja kilekile. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, kabla jengo halijakamilika. Altare inatajwa kusimama mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na aliyetumia miaka yake kuandika sarufi na tafsiri za Kiswahili, alifariki 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Mwenye kadi inayoonyesha ndani ya kanisa azitazame nguzo za karibu na mlango mkubwa: inasimuliwa kuwa mafundi walizisimamisha juu chini Steere alipokuwa safarini, naye akaziacha hivyo. Mnunuzi wa kadi hizi mara nyingi alinunua habari ya soko kuliko kanisa, na maneno yaliyochapwa chini ya picha yalimsaidia.

Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na kadi zake. Wapiga picha kama Carl Vincenti na Walther Dobbertin walipiga bandari pamoja na makanisa yake mawili, la Kilutheri na la Mtakatifu Yosefu, yote yaliyokamilishwa mwaka 1902. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, sanamu ya gavana wa Kijerumani, Wissmann, iliyozinduliwa 1909 iliondolewa, na mwaka 1927 ikaja sanamu ya Askari. Picha yenye sanamu ya Wissmann ni ya miaka hiyo saba tu.

Kuna jambo katika kadi hizi linaloniuma kila ninapozipanga. Majumba yana majina, watu hawana. Chini ya picha imeandikwa mwanamke wa Kiswahili, wachukuzi, askari, muuza kahawa. Mtu alisimama mbele ya kamera, akavaa kanga yake mpya au joho lake, akatulia bila kupepesa, kisha akatumwa Hamburg na Bombay bila jina. Alikuwa na nyumba, mtaa na wajukuu. Baadhi ya wajukuu hao wako hai, nao wangeweza kumtambua, lau wangeonyeshwa kadi.

Hawaonyeshwi kwa sababu kadi ziliondoka. Ndivyo zilivyotengenezwa, ziondoke. Leo mikusanyo mikubwa ya picha za pwani yetu iko Marekani na Ulaya: Chuo Kikuu cha Northwestern huko Illinois kina mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki, na taasisi ya Smithsonian mjini Washington ina postikadi za Unguja pia. Wamezitunza vizuri na nyingi wameziweka kwenye intaneti, na kwa hilo wanastahili shukrani. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka, ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki, kila aliyetaka kuona safu ya nguzo, ubao wa baraza au umbo la mnara ule alihitaji picha. Kadi iliyouzwa kwa abiria wa mwaka 1903 ina undani ambao mafundi wa leo wanauhitaji, na ni haki ya mji huu kuwa nayo karibu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye albamu, walioko Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na kwingineko. Msibandue stempu kwenye kadi ili kuziuza peke yake. Kadi iliyonyang'anywa stempu imepoteza nusu ya ushahidi wake. Msizibandike kwa gundi. Pigeni nakala za pande zote mbili, mbele na nyuma. Andikeni kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, jina la kila mtu mnayemtambua na la kila nyumba. Kisha pelekeni nakala Nyaraka za Taifa za Zanzibar, pale Kilimani, wazee wanaozijua sura hizo wakiwa bado wapo.