Ineos: kampuni iliyokua kwa kununua viwanda vya wengine

Dumu la maji, ndoo, turubai la kuanikia mahindi na bomba la kumwagilia bustani vina asili moja: mafuta ghafi na gesi. Kati ya kisima cha mafuta na dumu lako kuna viwanda vya petrokemikali. Ndivyo vinavyogeuza mafuta na gesi kuwa malighafi ya plastiki, rangi, sabuni na vitu vingine vingi.

Ineos ya Uingereza ni miongoni mwa kampuni kubwa za kazi hiyo duniani. Je, ilikuaje, na gharama ilimwangukia nani?

Ilianzaje?

Mwaka 1998, mhandisi wa kemia Jim Ratcliffe aliongoza ununuzi wa kiwanda cha kemikali kilichopo Antwerp, Ubelgiji. Huo ndio ukawa mwanzo wa Ineos.

Wakati huo kampuni kubwa kama BP na ICI zilikuwa zinauza viwanda ambavyo hazikuvitaka tena. Ineos ilivinunua kwa fedha za mkopo, ikabana matumizi, na faida ikalipa deni. Ni kama mtu anayekopa na kununua mashine ya kusaga iliyomchosha jirani yake, akaifufua, kisha pesa ya kusagisha ikarudisha mkopo.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2005. Ineos ilinunua Innovene, iliyokuwa kampuni ya kemikali ya BP, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa vituo vyake vya mafuta. Bei ilikuwa dola bilioni 9. Humo mlikuwa na viwanda vya Grangemouth, Uskoti, na Lavéra, Ufaransa.

Deni lilipouma

Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2008, mauzo yalishuka lakini deni lilibaki palepale. Ineos ililazimika kuomba mabenki yalegeze masharti. Mwaka 2010 ilihamishia makao makuu Uswisi ili kupunguza kodi.

Mwaka 2013 mgogoro ulifika Grangemouth. Kampuni ilisema kiwanda cha petrokemikali kinapata hasara na kwamba kitafungwa. Siku chache baadaye chama cha wafanyakazi kilikubali mishahara isipande kwa miaka mitatu na mafao ya uzeeni yapunguzwe. Kiwanda kikabaki.

Kupanua viwanda

Gesi ya Bahari ya Kaskazini, iliyokuwa ikilisha Grangemouth, ilikuwa inapungua. Ineos ikajenga tangi kubwa na kukodi meli maalumu za kuleta ethani, gesi ya kutengenezea plastiki, kutoka Marekani. Shehena ya kwanza ilifika Uskoti mwaka 2016.

Huko Antwerp, kampuni iliamua kujenga kiwanda kipya cha kuzalisha tani milioni 1.45 za ethilini kwa mwaka. Ethilini ndiyo malighafi kuu ya plastiki. Mashirika ya mazingira yalipinga, na mwaka 2023 mahakama ilifuta kibali cha ujenzi. Kibali kipya kilitolewa mwaka 2024.

Kupanuka hakukumlinda kila mtu. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Grangemouth, ambacho Ineos inakimiliki pamoja na PetroChina ya China, kilisimamisha kazi hiyo Aprili 2025. Ajira zipatazo 400 ziliguswa.

Cha kuuliza

Kununua kiwanda kwa mkopo kunaweza kukiokoa kisife. Lakini deni lina mwenyewe, na biashara ikiyumba, mfanyakazi anaweza kuombwa asaidie kulibeba.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukisikia kiwanda cha eneo lako kimeuzwa, usiishie kuuliza nani amekinunua. Uliza pia: fedha zimetoka wapi? Mikataba na mafao ya wafanyakazi vitakuwaje? Na malighafi itatoka wapi miaka kumi ijayo?