Mzingile: istilahi inayomfaa mbunifu wa michezo ya uhusika

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akabeba nafsi ya mhusika wake, huku mwendeshaji akiwasimulia wanachokiona na wao wakimwambia watakachofanya; penye shaka, dadu huamua. Jina la mchezo ni la mwenyewe, libaki lilivyo. Lakini "dungeon" ni istilahi pia: ndilo jina la mahali panapochezewa sehemu kubwa ya visa hivyo, na kila anayetaka kuvitunga kwa Kiswahili atalihitaji. Tafsiri inayokuja haraka ni "gereza la chini ya ardhi". Naipinga. Neno tunalolihitaji tunalo tangu zamani, nalo ni mzingile.

Neno la Kiingereza lenyewe limehama sana. Limetoka katika donjon ya Kifaransa, yaani mnara mkuu wa ngome, makao ya bwana. Waingereza wakalishusha hadi likawa chumba cha wafungwa chini ya ngome hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Arneson alipokuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor huko Minnesota, aliweka chini ya kasri njia na vyumba vingi vya kuchunguzwa, na maana ikahama tena. Waliomo humo hawakufungwa na mtu. Wameingia kwa hiari yao wakiitafuta hazina, na hofu yao ni kama watatoka nayo. Neno gereza nalo lina safari yake: linatokana na igreja, kanisa kwa Kireno, likapitia ngome na kuishia jela; Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Basi maneno huhama, sikatai. Ila msomaji wa leo akisikia gereza huona kufuli na mfungwa, si mtu mwenye mwenge anayechagua njia. Pango, shimo na handaki hutaja udongo tu, ilhali kisa kizuri chaweza kupangwa ndani ya mnara, hekalu au meli iliyozama.

Mzingile, ambao wazee waliuita pia mzingile-mwambiji, ni njia zinazopindana na kumtatanisha apitaye, na vilevile ni jambo gumu kufumbuliwa. Euphrase Kezilahabi aliipa riwaya yake jina hilo mwaka 1991. Maana zote mbili zinamhusu mbunifu, kwa sababu kinachowashika wachezaji mezani ni uchaguzi wenye gharama. Wingi wa mazimwi peke yake hauwashiki. Tazama kanuni za msingi za Dungeons & Dragons alizozihariri Tom Moldvay mwaka 1981. Humo uchunguzi hupimwa kwa zamu za dakika kumi, mwenge huzimika baada ya zamu sita, na kila baada ya zamu mbili mwendeshaji hurusha dadu kuona kama kuna zimwi linalorandaranda. Kwa hiyo kila hatua huligharimu kundi mwanga na usalama. Sasa vyumba vikipangwa mstari mmoja, gharama hiyo haina maana, kwani hakuna njia nyingine ambayo wangeifuata. Mbunifu Jennell Jaquays alilielewa hili mapema. Katika kisa chake The Caverns of Thracia, kilichotoka mwaka 1979, kuna viingilio zaidi ya kimoja, ngazi nyingi kati ya tabaka na tabaka, na njia zinazozunguka kurudi zilikotoka. Kundi laweza kumkwepa adui, kumjia kwa nyuma, au kukimbia kwa njia ambayo hakuitarajia. Makundi mawili yakiingia humo yatatoka na visa viwili tofauti, na hilo halitokei katika ukumbi mrefu hata ukiujaza mitego.

Atakayepinga atasema kwamba kupotea kunachosha. Ni kweli, na wabunifu wengi huharibu hapo. Njia panda zisizo na dalili hugeuza uchaguzi kuwa bahati nasibu. Harufu ya moshi upande wa kushoto na sauti ya maji upande wa kulia zinatosha kuwapa wachezaji jambo la kubishania. Pingamizi lenye uzito zaidi ni Tomb of Horrors, kaburi la Gygax lililochapishwa mwaka 1978: lina sifa kubwa ingawa halina mizunguko mingi. Nguvu yake ni mafumbo yanayoua wenye pupa, na hapo ndipo maana ya pili ya neno letu inapofanya kazi. Handaki lisingeibeba.

Wapo wanaotaka tuseme "danjoni" tu, kwa kuwa vijana wamekwisha kulizoea neno hilo katika michezo ya kompyuta. Sina ugomvi na maneno ya mkopo. Dadu lenyewe ni la kuja. Lakini mkopo huu haumwambii mwanafunzi wa ubunifu lolote kuhusu kazi inayomngoja, ilhali mzingile humtaka achore mizunguko kabla hajafikiria mazimwi. Tena kisarufi hausumbui: mzingile huu, mizingile hii, mzingile wa tabaka tatu. Nisingelitumia, hata hivyo, kwa kila kisa. Safari ya jangwani au fitina za mjini zina ubunifu wake, na anayeziongoza aitwe mwendeshaji, awe na mzingile au asiwe nao.